Anayejenga Karema atazame kompresa kabla ya bei ya kiyoyozi

WENYE mitaji midogo wanaojenga nyumba za wageni, ofisi na maduka kuelekea bandari ya Karema wana hesabu nyingi mkononi: saruji, nondo, mabati na nauli ya lori kutoka Mpanda. Ipo hesabu moja ambayo huachwa hadi mwisho, pale mtu anapoingia dukani kununua viyoyozi kwa kuangalia bei na tarakimu za BTU zilizoandikwa kwenye boksi. Hesabu hiyo ndiyo itakayomrudia kila mwezi kwa miaka kumi ijayo, na kiini chake ni kifaa kimoja kilichofichwa ndani ya mashine ya nje, yaani kompresa.

Karema ni soko la kusubiri. Bandari yake, iliyokamilika mwaka 2022 kwa gharama ya takriban Sh. bilioni 48, ilijengwa kwa kulenga mzigo wa Kongo, upande wa Moba iliyo karibu mkabala nayo na Kalemie iliyo kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mzigo huo unategemea barabara ya kwenda Mpanda, meli za kutosha, na reli ya Mpanda ambayo mipango ya serikali inataka ifike ziwani. Kwa maneno mengine, anayejenga hapo anawajengea wageni wa kesho. Vyumba vyake vitakuwa vitupu nusu, pengine zaidi ya nusu, kwa muda ambao hakuna anayeweza kuutaja kwa tarehe. Kiyoyozi kinachofaa nyumba iliyojaa si lazima kiifae nyumba yenye wageni watatu.

Jambo hili lina uzito kwa sababu wauzaji wa viyoyozi wameanza kuwashawishi wajenzi wa mikoani wanunue mifumo mikubwa iliyozoeleka katika majengo marefu ya Dar es Salaam. Mifumo hiyo mafundi huiita VRF, na kampuni ya Daikin ya Japani, iliyoianzisha mwaka 1982, huiita VRV. Mashine moja kubwa ya nje hulisha mashine nyingi za ndani kwa bomba za shaba, na kila chumba hupimiwa gesi kwa kadiri ya haja yake. Sifa yake ni kubana matumizi ya umeme, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini ukweli huo una masharti yake, na masharti hayo yamo ndani ya kompresa.

Sehemu kubwa kabisa ya umeme unaoliwa na kiyoyozi huenda kwenye kompresa. Feni huchukua kidogo tu. Kazi yake ni kunyonya gesi yenye ubaridi na mgandamizo mdogo kutoka ndani, kuigandamiza hadi ipate moto, na kuisukuma nje ikapoe. Zipo za pistoni, ambazo ni za zamani na zinafanana na injini ya pikipiki. Kasoro yake ni kwamba gesi kidogo hubaki juu ya pistoni kila inapopanda, ikatanuka tena bila faida pistoni inaposhuka. Zipo za rotari, ambamo gurudumu huzunguka ndani ya silinda. Hizi ndizo zilizojaa katika viyoyozi vidogo vya chumba kimoja. Halafu ipo skroli, yenye mikunjo miwili mithili ya konokono wawili waliopachikwa pamoja, mmoja ametulia na mwingine akizunguka, gesi ikibanwa kuelekea katikati. Mfaransa Léon Creux aliipatia hataza mwaka 1905, lakini viwanda havikuweza kuchonga chuma kwa usahihi uliohitajika hadi miaka ya 1980, Hitachi ikawa ya kwanza kuiuza katika viyoyozi mwaka 1983. Skroli haina valvu nyingi za kuvunjika na ina vipuri vichache vinavyosuguana.

Hata hivyo, umbo la kompresa si habari yote. Mnunuzi anapaswa kuuliza zaidi jinsi kompresa inavyopunguza kazi pale ubaridi mwingi usipohitajika. Hapo ndipo pesa inapopotea au kuokolewa.

Aina ya kwanza ni ya mwendo mmoja. Inawaka kwa nguvu zote, chumba kikipoa inazima, kikipata joto inawaka tena. Ni sawa na dereva wa daladala asiyejua gia nyingine ila ya juu na breki. Kila inapowaka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa kitambo kidogo, na dakika za mwanzo hupotea kabla ubaridi haujarudi.

Aina ya pili ni ya inveta. Kadi ya elektroniki hubadilisha umeme ili mota izunguke polepole au kwa kasi kadiri ya haja. Toshiba ya Japani ilipeleka kiyoyozi cha namna hiyo majumbani mwaka 1981. Kadi yenyewe hula asilimia chache za umeme, hivyo mashine ya inveta ikifanya kazi kwa nguvu zote haina ajabu kubwa mbele ya mashine nzuri ya mwendo mmoja. Muuzaji anayedai kwamba inveta hubana umeme saa zote hasemi kweli yote. Faida yake huonekana kazi inaposhuka.

Aina ya tatu ni skroli ya kidijitali, iliyotengenezwa na Copeland ya Marekani. Haibadilishi kasi. Badala yake valvu ya sumaku huinua mkunjo mmoja kidogo ili gesi isibanwe, kisha huushusha tena, katika mizunguko ya sekunde 10 hadi 20. Ikihitajika nusu ya ubaridi, mikunjo hugusana nusu ya muda tu. Uzuri wake ni kwamba haina kadi kubwa ya inveta ya kuungua. Ubaya wake ni kwamba hata mkunjo ukiwa umeinuliwa mota haisimami, bali inaendelea kula karibu moja ya kumi ya umeme wake. Hesabu yake ni nyepesi. Kazi ikiwa nusu, umeme unaoliwa ni asilimia 50 na nyongeza ya 5. Kazi ikishuka hadi robo, umeme ni asilimia 25 na nyongeza ya 7.5, maana yake ni kwamba mwenye nyumba analipia zaidi ya asilimia 32 ili apate robo ya ubaridi.

Inveta nayo ina faida ya ziada ambayo wengi hawaielewi. Mota inapozunguka polepole, gesi kidogo hupita katika mapezi yale yale makubwa ya shaba na alumini yaliyotengenezwa kwa ajili ya kazi kamili. Gesi hupoa kwa urahisi zaidi nje na kupata joto kwa urahisi zaidi ndani, hivyo kompresa haina haja ya kuibana sana. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi moja ya tofauti hiyo inayopungua huokoa asilimia 2 hadi 3 za umeme. Ni kama mchukuzi anayepunguziwa mzigo na wakati huo huo mlima nao unainama.

Sasa turejee Karema. Kipimo cha kimataifa kinachozaa tarakimu za kwenye boksi hufanywa hewa ya nje ikiwa nyuzi 35 na ya ndani nyuzi 27, mashine ikifanya kazi yote. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 770, na mgeni wa nyumba ya kulala hutumia kiyoyozi zaidi usiku, wakati joto la nje liko mbali chini ya hizo nyuzi 35. Kwa hiyo kiyoyozi cha Karema hakitafanya kazi yote ila kwa saa chache za mchana. Muda mwingi kitakuwa nusu au chini ya nusu. Tarakimu ya boksi inaeleza hali ambayo mwenye nyumba ataiona kwa nadra.

Chukua mfano wa nyumba yenye vyumba 16, kila chumba kikiwa na kiyoyozi cha BTU 9,000, sawa na kilowati 2.6 za ubaridi. Usiku wa saa kumi, kwa wastani wa nusu ya kazi, chumba kinahitaji ubaridi wa kilowati-saa 13. Kompresa ya mwendo mmoja inayotoa ubaridi mara 2.8 ya umeme inaokula, hasara ya kuwaka na kuzima ikiwamo, itatumia yuniti 4.6. Ya inveta, ikitoa mara 4.5 katika kazi nusu, itatumia yuniti 2.9. Skroli ya kidijitali katika mfumo mkubwa ingekuwa katikati, kwenye yuniti 3.6 hivi.

Tofauti ya mwendo mmoja na inveta ni yuniti 1.7 kwa chumba kwa usiku. Bei ya kundi la T1 ambayo EWURA iliipanga mwaka 2016 ilikuwa Sh. 292 kwa yuniti, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani na tozo ilifika Sh. 356. Kwa kiwango hicho ni kama Sh. 605 kwa chumba kwa usiku. Vyumba nane vikilala wageni kila siku, ni takriban Sh. 145,000 kwa mwezi, au zaidi ya Sh. milioni 1.7 kwa mwaka. Kwa mwenye hoteli ya Masaki hizo ni fedha za maua ya mapokezi. Kwa aliyekopa benki ili aezeke bati Karema, hiyo ni sehemu ya riba.

Upande wa jenereta ndio unaouma zaidi. Mji wa Mpanda uliishi kwa miaka mingi kwa mitambo ya dizeli ya TANESCO, na njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilibuniwa ili kuuondoa mkoa wa Katavi katika hali hiyo. Lakini kila mwenye biashara ya kulaza wageni bado huweka jenereta uani kwa ajili ya siku mbaya. Jenereta ndogo hutoa karibu yuniti tatu kwa lita moja ya dizeli. Lita ikiwa Sh. 3,000, yuniti moja ni Sh. 1,000 kabla ya kuhesabu mafuta ya injini na fundi. Kwa mwezi mzima wa namna hiyo, tofauti ya Sh. 145,000 inapanda hadi Sh. 408,000. Na si mafuta pekee. Kompresa za mwendo mmoja zikiwaka mbili au tatu kwa pamoja, ule mvuto wa mara tano hadi saba humlazimisha mtu kununua jenereta kubwa kuliko anayoihitaji, ambayo baadaye hufanya kazi chini ya uwezo wake na kunywa dizeli vibaya. Inveta huanza taratibu, na kwa kosa hilo moja tu la ukubwa wa jenereta mnunuzi aweza kufidia tofauti ya bei ya viyoyozi.

Kwa hesabu hizi inveta inashinda. Lakini inveta ipi? Hapa ndipo ushawishi wa mifumo mikubwa unapopaswa kutazamwa kwa jicho kali.

Mtu mwenye vyumba 16 ataambiwa kwamba mashine moja ya nje ya nguvu farasi 12, yenye kilowati 33.5 za ubaridi, inatosha kulisha vyumba vyote ingawa jumla yake inakaribia kilowati 42, kwa kuwa vyumba vyote havihitaji ubaridi wote kwa wakati mmoja. Ni kweli, na katika jengo la ofisi hiyo ni akiba halisi. Jengo la ghorofa mjini Mpanda lenye ofisi 20, nusu zikitazama mashariki na nusu magharibi, linafaidika kwa mfumo huo: jua linapohama, ubaridi nao unahamishwa, na mashine inafanya kazi kati ya theluthi na theluthi mbili ya uwezo wake kuanzia asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo VRF ya inveta inapokuwa kwenye raha yake, na anayejenga jengo la namna hiyo asiogope bei.

Nyumba ya wageni iliyo nusu tupu ni kitu kingine. Vyumba vitatu vikiwa na watu saa tisa za usiku, kila kimoja kikihitaji kilowati 1.3, jumla ni kilowati 3.9. Hiyo ni chini ya asilimia 12 ya mashine ya kilowati 33.5. Kompresa ya inveta haiwezi kushuka bila kikomo. Ikizunguka polepole mno, gesi huvuja ndani kwa ndani na mafuta ya kulainisha hayarudi vizuri kutoka kwenye bomba ndefu, hivyo mashine hulazimika kuongeza kasi mara kwa mara ili kuyavuta mafuta yarudi. Ikifika chini ya kikomo chake, huanza kuwaka na kuzima kama ile ya mwendo mmoja. Mwenye nyumba atakuwa amelipia elimu ya juu ya Japani ili apate tabia ya kiyoyozi cha mtumba. Wakati huo huo, kadi za vyumba 13 vitupu na kijoto cha mafuta ya kompresa vinaendelea kunywa umeme kidogo kidogo usiku kucha.

Viyoyozi vidogo vya inveta vyenye kompresa ya rotari, kimoja kwa kila chumba, havina taabu hiyo. Vyumba vitatu vikiwa na watu, mashine tatu zinafanya kazi katika nusu ya uwezo wake, ndipo mahali pake pazuri, na 13 zimezimwa kwa swichi. Moja ikiharibika, mgeni anahamishiwa chumba cha pili. Mashine moja kubwa ikiharibika, nyumba nzima inalala na joto, na fundi mwenye kompyuta ya kuisoma kadi huenda yuko Mwanza au Dar es Salaam.

Inafaa kukiri kwamba kadi ya inveta ni adui wa umeme unaoyumba. Kadi ikiungua katika kijiji kilicho zaidi ya kilomita mia moja kutoka Mpanda, akiba ya mwaka mzima yaweza kuondoka kwa siku moja. Dawa yake si kurudi kwenye mwendo mmoja, kwa sababu umeme mdogo huiunguza mota ya kompresa hiyo pia, na mota ni ghali kuliko kadi. Dawa ni kifaa cha kukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi, na kununua viyoyozi vya aina moja ili kadi moja ya akiba iweze kukifaa chumba chochote. Wanaonunua vyumba vinne aina hii na vitatu aina ile, kwa kufuata punguzo la bei Kariakoo, wanajitengenezea ghala la vyuma chakavu.

Wenye biashara ya samaki nao wasije wakayachukua haya mazima mazima. Chumba cha baridi cha kuhifadhia migebuka na sangala si chumba cha mgeni. Samaki wakishaingizwa na joto lao, kompresa inafanya kazi karibu yote kwa saa nyingi, na huko inveta haina mengi ya kuokoa. Kompresa ya pistoni ya mwendo mmoja, ya aina inayofunguka kwa boliti, fundi akabadilisha valvu na pistoni papo hapo ufukweni, bado ina hoja nzito. Kasoro yake huonekana samaki wakipungua, na ziwa lenyewe limekwishaonyesha jinsi hilo linavyotokea: uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Aliyeweka kompresa mbili ndogo badala ya moja kubwa aliweza kuzima moja.

Gesi nayo ni sehemu ya bei. Viyoyozi vya gesi ya R22, ambavyo bado huonekana kwa bei ya kutupa, havina mustakabali: Mkataba wa Montreal unazitaka nchi zinazoendelea ziache kuingiza gesi hiyo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Kati ya R410A na R32, ya pili ina athari ya kuongeza joto duniani ya 675 ikilinganishwa na 2,088 ya kwanza, na hutumika kwa kiasi kidogo zaidi, ingawa inaweza kushika moto na inataka fundi makini. Mfumo wa VRF wa vyumba 16 una mita nyingi za bomba na viungo vingi vya kuvuja. Ukivuja, gesi inayopotea ni ya nyumba nzima.

Kuna wanaosema Karema haihitaji viyoyozi kabisa. Wanaweza kuangalia majengo ya misheni ambayo White Fathers walianza kuyaendeleza baada ya kuipokea Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885: kuta nene na kivuli, bila kompresa hata moja. Mjenzi wa leo anayepanga matofali membamba chini ya bati tupu, bila dari, hununua kiyoyozi kikubwa ili kupambana na paa lake mwenyewe. Dari na miti upande wa magharibi vitampunguzia BTU kabla hajafika dukani.

Linabaki suala la mtaji. Mfumo mkubwa hununuliwa wote kwa siku moja, kabla meli ya kwanza ya mgeni haijafika, na mkopo wake huanza kudai riba mwezi huo huo. Viyoyozi vidogo hununuliwa kwa awamu. Mwenye vyumba 16 anaweza kuacha matundu ya bomba na waya kwenye kuta zote, akafunga viyoyozi sita vya inveta, na kumi vilivyobaki akavifunga kimoja kimoja kadiri madereva wa malori na mawakala wa forodha wanavyoanza kugombea vitanda.